Pumzi ya Mtambo: Tangu Puy de Dôme hata Milima ya Masisi

Kila mtu aliyepata kupanda barabara itokayo Sake kwenda Mushaki, na kuendelea mpaka kwetu Lushebere na Masisi, anaijua sauti ile. Huko chini, karibu na ziwa, mtambo wa gari unaimba vizuri. Baada ya kona chache sauti inakuwa nzito. Dereva anarudisha gia, kisha anarudisha tena, na moshi mweusi unatoka nyuma. Abiria walioketi juu ya magunia wanatazamana. Ndipo kila mmoja anakuwa fundi: huyu anasema mazutu yamechanganywa na maji, yule anasema mzigo umezidi, wa tatu anasema mtambo umezeeka. Ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza lile swali ambalo lingefaa kutangulia yote: Je, mtambo ni mgonjwa, au ni mlima tu?

Swali hili lina historia ndefu, tena ya ajabu, maana limepita mikononi mwa watawa, na watu wa theluji, na warushaji wa ndege, kabla ya kufika kwetu. Nataka kuisimulia hapa, kwa sababu kutoijua kumewapotezea watu wa milima yetu fedha nyingi, na pengine kitu kilicho zaidi ya fedha.

Yaanza mwaka 1648, zamani sana kabla ya mtambo wowote wa mafuta. Katika miaka ile Mwitaliano Torricelli alikuwa ameonyesha kwamba hewa ina uzito: ukijaza zebaki katika bomba refu la kioo na kuligeuza ndani ya bakuli la zebaki, zebaki haimwagiki yote, bali inasimama ndani ya bomba, imebebwa na hewa inayokandamiza bakuli kwa nje. Mfaransa Blaise Pascal akafikiri hivi: Kama hewa ndiyo inayoibeba zebaki, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, zebaki itashuka. Yeye alikuwa Paris, mahali pasipo mlima. Akamwandikia shemeji yake Florin Périer, aliyekaa Clermont chini ya mlima wa Puy de Dôme, amfanyie jaribio hilo.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer akakusanya watu, mapadri wakiwamo, wakatayarisha mabomba mawili. Bomba moja wakaliacha chini katika bustani ya konventi ya Waminimi, nalo likawekwa mikononi mwa mtawa mmoja, Padri Chastin, aliangalie mchana kutwa. Jingine wakalipandisha mlimani. Huko juu zebaki ikawa imeshuka kwa zaidi ya sentimeta 8. Waliporudi chini, Padri Chastin akawaambia kwamba kwake haikusogea hata kidogo tangu asubuhi.

Ninaomba msomaji asimpite haraka huyu mtawa. Wengi humtaja Pascal, na wachache humtaja Périer, lakini bila mtu yule aliyebaki chini bustanini, nani angejua kama zebaki ilishuka kwa sababu ya mlima au kwa sababu ya kubadilika kwa siku? Kazi yake ilikuwa kukaa tu na kutazama kitu kisichosogea, nayo ndiyo iliyolipa jaribio zima thamani yake. Na jambo moja linatuhusu sisi hasa: kilele cha Puy de Dôme kiko meta 1,465 juu ya bahari, na maji ya Ziwa Kivu yako karibu meta 1,460. Pale walipopanda kwa jasho ili waone hewa nyepesi, ndipo sisi tunapovulia sambaza. Milima yetu ya Masisi yaanza kupanda kutoka hapo, nayo yapita meta 2,000.

Sasa mtambo. Ndani ya silinda mafuta yanaungua, na moto hauwaki bila hewa. Mhunzi yeyote anajua, ndiyo maana anavuta mivukuto. Mtambo wa kawaida unajivutia hewa wenyewe kama mtu anavyovuta pumzi, na kila pistoni ikishuka inavuta kiasi kilekile cha nafasi. Lakini nafasi ile, ikijazwa hewa nyepesi ya mlimani, ina hewa kidogo ndani yake. Hesabu iliyo karibu na kweli ni kwamba mtambo unapoteza sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila meta 100 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, gari lisilo na msaada, likiwa bado limesimama Goma, limekwisha kupoteza kama sehemu 15 katika mia. Na likifika meta 2,000 limepoteza kama sehemu 20. Tena kama ni pikipiki yenye kabureta, esansi inazidi kumiminwa karibu kama ilivyokuwa huko chini, wakati hewa ya kuiunguza imepungua. Basi plagi inajaa masizi na moshi unakuwa mweusi. Pikipiki hiyo si mgonjwa. Inahitaji tundu dogo zaidi la kupitishia esansi, na dereva mwenye subira.

Msomaji asishangae sasa nikimpeleka katika nchi za theluji. Sisi theluji tunaijua kwa macho tu: siku ya anga safi mtu wa Masisi aweza kuona kichwa cha Karisimbi kimekuwa cheupe, na walio kaskazini, upande wa Beni, wanaona barafu ya Ruwenzori. Lakini gari la theluji linaonyesha shida hii wazi kuliko magari mengine, kwa kuwa linapelekwa mahali pa juu sana, nayo theluji laini inalishika kama tope la masika linavyoshika magurudumu yetu. Halina nguvu za kuchezea. Likipoteza kidogo, linazama.

Wa kwanza kumtaja ni Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyezaliwa mwaka 1879. Alikuwa fundi wa magari ya Tsar Nikolai II wa Urusi, na kwa kuwa magari ya mfalme yalikwama theluji ilipoanguka, akaondoa magurudumu ya nyuma na kutia mahali pake mikanda mipana ya mpira. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 akarudi kwao Ufaransa, na kiwanda cha Citroën kikauchukua uvumbuzi wake. Hapo kukatokea jambo la kuchekesha: gari lililobuniwa kwa ajili ya theluji likaletwa katika mchanga na matope ya Afrika! Mwezi wa Desemba 1922 magari hayo yakaondoka Touggourt kuvuka Sahara, yakafika Timbuktu tarehe 7 Januari 1923. Halafu tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane yakatoka Colomb-Béchar katika Aljeria, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yakapita kaskazini mwa Kongo yetu, yakafika Kampala, na hapo msafara ukagawanyika mafungu manne, kila fungu likashika njia yake kwenda baharini. Tarehe 26 Juni 1925 wakuu wa msafara waliingia Antananarivo katika Madagaska. Kwa hiyo mababu zetu wa Kongo ya kaskazini waliwahi kuliona gari la theluji kwa macho yao, ingawa theluji yenyewe hawajaiona mpaka leo.

Wa pili ni Joseph-Armand Bombardier, mtu wa Valcourt katika Quebec, nchi ya Kanada. Alizaliwa mwaka 1907, akawa na karakana yake mwenyewe kabla hajafika miaka ishirini. Huko majira ya baridi barabara zilifungwa na theluji, na watu walirudia farasi na mbwa. Mwaka 1934 mwanawe mdogo Yvon, mtoto wa miaka miwili, akashikwa na ugonjwa wa tumbo uliohitaji kupasuliwa mara moja. Hospitali ilikuwako, lakini njia haikuwako. Theluji ilikuwa imeziba yote, na gari la theluji alilokuwa akilijaribu baba yake lilikuwa bado halijawa tayari. Mtoto akafa.

Bombardier alirudi kazini. Mwaka 1937 alipata hati ya uvumbuzi wake wa gurudumu lenye meno linalosukuma mkanda wa mpira, akaanza kuuza gari la watu saba, ambalo waganga, mapadri na wabeba barua walilitumia. Baadaye akatengeneza chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, pikipiki ya theluji iitwayo Ski-Doo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Mojawapo ya zile za kwanza kabisa alimpelekea rafiki yake, Padri Maurice Ouimet wa Waoblati wa Maria Imakulata, mmisionari katika misioni ya Lansdowne House, Ontario ya kaskazini, ambako safari za misioni zilifanywa kwa sleji za mbwa. Mtambo wake ulikuwa na nguvu kama za farasi 7 tu. Katika nchi tambarare za Padri Ouimet zilitosha. Bombardier mwenyewe alifariki mwaka 1964. Lakini watu wa milima mirefu ya Marekani ya magharibi walipozipandisha pikipiki hizo meta 2,500 na 3,000, wakaikuta ileile zebaki ya Périer: mtambo uliokuwa na afya asubuhi bondeni ukawa kama umekonda kufika adhuhuri.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana zamani, tena kwa mtu aliyezaliwa mwaka uleule wa Kégresse, 1879. Huyu ni Mswisi Alfred Büchi wa Winterthur. Aliona kwamba mtambo unatupa nje moshi wenye joto na mbio nyingi, yaani unatupa nguvu. Mwaka 1905 akapata hati ya kifaa chenye magurudumu mawili ya mapanga juu ya mhimili mmoja: moshi unazungusha la kwanza, na la pili, likizunguka pamoja nalo, linakusanya hewa na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Hiyo ndiyo turbo. Ni mivukuto ya mhunzi inayovutwa na moshi wa moto wake yenyewe! Kwa miaka ishirini hivi wengi hawakumsadiki, mpaka ilipotiwa katika mitambo ya meli mbili za abiria za Kijerumani, ambayo kila mmoja ulipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500.

Wakati wa vita vya kwanza, Mfaransa Auguste Rateau alianza kuijaribu turbo katika ndege, na Marekani wakampa kazi hiyo Sanford Moss wa kiwanda cha General Electric. Mwaka 1918 Moss akafanya kama alivyofanya Périer: akachukua mtambo wa ndege uitwao Liberty, akaupakia juu ya lori, akaupandisha Pikes Peak katika Colorado, meta 4,300 juu ya bahari. Chini, karibu na bahari, mtambo huo ulikuwa na nguvu za farasi 350. Kileleni, bila turbo, ulitoa 230. Wakafunga turbo, ukatoa 356. Mlima ukawa kama haupo.

Tarehe 27 Februari 1920 rubani Rudolph Schroeder akarusha ndege yenye turbo ya Moss zaidi ya meta 10,000. Huko mtambo ulikuwa na pumzi ya kutosha, lakini mwenyewe hakuwa nayo: oksijeni yake iliisha, akazimia, ndege ikaanguka maelfu ya meta kabla hajazinduka na kuishika tena. Alitua, macho yake yameumizwa na baridi. Naona kisa hiki kinaeleza turbo kuliko vitabu vingi.

Katika pikipiki za theluji kazi ilichukua muda mrefu zaidi. Kwa miaka mingi mafundi wa milimani walijifungia turbo wenyewe katika karakana zao, wakati mwingine wakavunja mitambo. Mwaka 2020 ndipo kiwanda cha Ski-Doo kilipotoa chombo chenye mtambo wa mapigo mawili uliofungwa turbo kiwandani, kikaahidi nguvu za farasi 165 bila kupungua mpaka karibu meta 2,400.

Hapa ndipo historia inapogeuza swali letu. Mtambo usio na turbo ukilegea mlimani, mlima ndio wenye lawama, na kuufungua ni kumpasua mtu mzima wa afya. Bali mtambo wenye turbo ukilegea mlimani, mlima haulaumiwi tena. Turbo iliwekwa ili mlima usihesabiwe. Basi ukianza kuhesabiwa, pumzi inavuja au imezibwa mahali. Ajabu yake ni kwamba mgonjwa wa namna hii huonekana mzima akiwa chini, karibu na ziwa, maana huko hewa yenyewe inamfichia udhaifu. Anakuja kuumbuka Mushaki.

Wenye pikipiki za theluji wana desturi nzuri ya kuanza na swali moja: Je, mtambo unapiga kelele za mbio lakini chombo hakiendi? Kama ni hivyo, nguvu ipo, ila inapotea njiani. Mkanda unaopeleka nguvu kwenye mnyororo wa mpira umelowa au umeisha, unateleza. Kwetu ni klachi. Lakini kama mtambo wenyewe unashindwa kupanda mbio, basi una njaa, na njaa ni ya namna mbili, ya hewa au ya mafuta. Kwa mitambo ya mazutu Mungu ametupa ishara iliyo wazi kabisa, nayo ni moshi. Ukilegea na kutoa moshi mweusi, mafuta yapo na hewa haitoshi. Ukilegea bila moshi, hewa ipo na mafuta hayafiki: tazama chujio la mazutu, na maji yaliyo chini ya tangi, hasa kama umenunua katika madumu kando ya barabara. Ukitoa moshi wa buluu, oili inaungua, na yaweza kuwa mhimili wa turbo umeanza kuivujisha.

Hewa ikiwa ndiyo iliyopungua, fuata njia yake kwa mkono, tangu inapoingia. Chujio kwanza: kule linazibwa na theluji ya unga, kwetu na vumbi la kiangazi, na ukiligonga-gonga tu halitakati. Kisha mabomba ya mpira kati ya turbo na mtambo, pamoja na vibano vyake vya chuma. Hewa iliyosukumwa inatafuta ufa kama maji. Ikitoka utasikia filimbi au pumzi kila gari linapovutwa kwa nguvu, nayo mara nyingi huacha doa la oili mahali inapotokea. Kisha kile kimlango kinachopitisha moshi pembeni ili turbo isizidi mbio. Kikikwama wazi, moshi unapita bure na gurudumu halizunguki ipasavyo. Mwisho, mtambo ukiwa umepoa na kuzimwa, shika ncha ya mhimili kwa vidole. Ukizunguka laini, vema. Ukicheza huku na huku mpaka mapanga yaguse ukuta, umekufa.

Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya oili nyembamba. Dereva anayefika kileleni, mtambo umewaka moto, na kuuzima palepale, anaikatia oili ikiwa bado inazunguka, na oili iliyobaki inaungua kuwa makaa. Dakika mbili za kuuacha ungurume polepole zinatosha. Nimewaona madereva wanaomzimia abiria mtambo ili aisikie simu yake, nao hawajui wanachokiua.

Katika vyombo vipya kuna jambo jingine: vipimo vya umeme. Vikisikia joto limezidi au esansi ni hafifu, vinapunguza nguvu vyenyewe ili kuuokoa mtambo, na mwenye chombo anadhani turbo imeharibika. Hapo makosa ni ya esansi, na kubadili turbo ni kutupa fedha.

Nimeandika haya kwa sababu ya siku moja. Tulikuwa tunapanda kutoka Sake katika kamyo yenye turbo, na nyuma, juu ya maharagwe, alikuwamo mama mjamzito aliyetumwa hospitali ya Masisi kwa kuwa mtoto amekaa vibaya. Kabla ya kufika Mushaki kamyo ikaanza kutoa moshi mweusi, ikatambaa, mwisho ikasimama. Fundi tuliyesafiri naye akasema pampu ya mazutu imekufa. Akaanza kuifungua. Ilikuwa asubuhi, saa nane mchana vipande vilikuwa bado juu ya gunia. Wanaume wakakata miti, wakafunga machela, wakambeba yule mama kwa zamu. Alifika usiku. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Kesho yake alipita dereva mzee. Hakuitazama pampu. Aliuliza moshi ulikuwa wa rangi gani, akajibiwa mweusi. Akatia mkono chini ya bomba la turbo, akautoa umejaa oili. Kibano kimoja kilikuwa kimelegea, na bomba limechomoka nusu. Alikikaza kwa bisibisi, kazi isiyofika dakika tano. Kurudisha pampu ile iliyokuwa nzima ndiko kulikotuweka pale mpaka jioni.

Dereva wetu angali anasafiri. Siku hizi bisibisi ameifunga kwa kamba pamoja na ufunguo wa gari, na katika kisanduku chake ana vibano viwili vipya. Kabla ya kuondoka Sake anasimama, anafungua boneti, na kuyapitisha mabomba yake yote katika kiganja, moja moja, abiria wakimpigia kelele kwamba anawachelewesha.